Frank Zappa: albamu tano za laivu, na kama ni laivu kweli

Kuna ubishi ambao haukosi kijiweni kila ukizungumzwa muziki: laivu ni nini hasa? Wapo wanaosema ukishaongeza kitu studio, hata sauti moja, umeshawadanganya watu. Wapo wanaosema ilimradi kimepigwa jukwaani, basi, yaliyobaki ni usafi tu. Leo namleta jamaa mmoja aliyezivuruga pande zote mbili: Frank Zappa.

Kwa wasiomjua, kwa kifupi tu. Alizaliwa Baltimore, Marekani, tarehe 21 Desemba 1940, akafariki tarehe 4 Desemba 1993 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 52. Alikuwa mpiga gitaa, mtunzi na bosi wa bendi. Alianza kujulikana na The Mothers of Invention, kisha akawa anaunda bendi na kuzivunja kadiri alivyotaka. Alichanganya rock, jazz na muziki wa okestra, juu yake akamwaga utani na matusi. Ndiyo, matusi, tena mazito. Kama upo kafe na jirani yako ni mtu mzima, vaa hedifoni.

Akiwa hai alitoa albamu zaidi ya 60. Hapo ndipo watu wengi wanapotoka mbio. Unaanzia wapi? Mimi nasema anza na za laivu, ila kwanza ujue jamaa alikuwa anafanya nini.

Zappa alirekodi maonyesho yake kwa wingi na kutunza kanda. Akirudi nyumbani anakaa na mkasi: anakata hapa, anaunga pale. Wimbo unaweza kuanza na bendi ya mwaka mmoja ukamalizikia kwa bendi ya mwaka mwingine. Kwenye albamu ya Joe's Garage (1979), ambayo ni ya studio, karibu solo zote za gitaa alizitoa kwenye kanda za jukwaani na kuzibandika juu ya nyimbo nyingine kabisa. Mchezo huo aliupa jina lake, xenochrony. Na Sheik Yerbouti, ya mwaka huo huo, wengi huisikia kama ya studio, kumbe msingi wa nyimbo nyingi ulipigwa mbele ya watu, kisha akaongezea vitu na kupunguza makelele ya ukumbini.

Kwa hiyo kwa Zappa, usiulize kama ni laivu. Uliza mkasi umepita kiasi gani. Haya, twende.

1. You Can't Do That on Stage Anymore, Vol. 2 (1988)

Huu ni mfululizo wa seti sita, kila moja CD mbili, uliotoka kati ya 1988 na 1992. Zappa alijiwekea sharti humo: kukata na kuunga ruksa, kuongezea vyombo studio marufuku. Seti ya pili inatoka Helsinki, Finland, Septemba 1974, na ukiisikiliza ni kama umekaa ukumbini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wako sita tu: Zappa, George Duke kwenye kinanda, Ruth Underwood kwenye marimba na ala nyingine za kugonga, Napoleon Murphy Brock anaimba na kupuliza saksafoni, Tom Fowler besi, Chester Thompson drams. Wanapiga vitu vigumu kwa kasi ya ajabu huku wanacheka. Sikiliza Inca Roads. Sehemu ya solo ya gitaa ya Helsinki ndiyo ileile aliyoihamishia kwenye albamu ya One Size Fits All (1975). Ukizisikiliza zote mbili utauona mkasi kwa masikio yako.

2. Roxy & Elsewhere (1974)

Sehemu kubwa ilirekodiwa ukumbi wa Roxy, Hollywood, Desemba 1973. Hapa wapiga drams ni wawili, Chester Thompson na Ralph Humphrey, na kuna tromboni ya Bruce Fowler. Zappa anaongea na watu, anawachekesha, halafu bendi inalipuka. Ila baadaye aliongeza vitu studio. Ukitaka kujua usiku ule ulikuwaje bila kuguswaguswa, mwaka 2018 ilitoka The Roxy Performances, CD saba. Ni nyingi, kaa nayo taratibu.

3. Zappa in New York (1978)

Desemba 1976, ukumbi wa Palladium. Safari hii amekodi wapulizaji wa nguvu, wakiwemo ndugu wawili, Randy na Michael Brecker. Kitu cha kusikiliza ni The Black Page. Zappa alimtungia mpiga drams wake Terry Bozzio kipande chenye nota nyingi kiasi kwamba karatasi inakuwa nyeusi, ndiyo maana ya jina. Unasikia mapigo matupu kwanza, kisha melodi inakuja juu yake. Mkasi na studio vimepita hapa pia, lakini Bozzio anavyohangaika na ile karatasi, hilo halibandikwi.

4. Make a Jazz Noise Here (1991)

Hii inaniuma kidogo. Mwaka 1988 Zappa alikusanya watu 12, yeye akiwa mmoja wao, wakafanya mazoezi kwa miezi hadi wakawa na nyimbo zaidi ya 100 kichwani. Walikuwa na uwezo wa kuruka kutoka rege kwenda Stravinsky bila kusimama. Wakapiga mashariki ya Marekani, wakaenda Ulaya, na katikati ya safari wakagombana. Wengi hawakumtaka mpiga besi Scott Thunes. Zappa akakataa kumfukuza, na hakuona sababu ya kuanza kumfundisha mwingine nyimbo zote zile. Akafuta maonyesho yaliyobaki Marekani. Mwenyewe alisema ziara ile ilimtia hasara. Hakuzunguka tena na bendi ya rock.

Sasa fikiria: mashabiki wengi wa Marekani hawakuwahi kuwaona. Ndiyo maana albamu nyingine ya bendi hiyohiyo, pia ya 1991, akaiita The Best Band You Never Heard in Your Life. Humo wapulizaji wanapiga kwa pamoja ile solo maarufu ya gitaa ya Stairway to Heaven. Hapa kanda si kumbukumbu tu. Kwa wengi wetu, kanda ndiyo bendi yenyewe.

5. The Yellow Shark (1993)

Hapa si rock tena, lakini usiiruke. Zappa alishachoka na wanamuziki wanaokosea nota zake, akahamia kwenye kompyuta ya muziki iitwayo Synclavier. Albamu yake ya Jazz from Hell (1986) imejaa kazi za mashine hiyo, ikiwemo G-Spot Tornado, ambayo aliamini hakuna binadamu wa kuipiga. Mwaka 1992, akiwa tayari mgonjwa, kundi la Ensemble Modern la Ujerumani likafanya mazoezi hadi likaipiga jukwaani. Frankfurt, Septemba hiyo, yeye mwenyewe alisimama kuongoza baadhi ya vipande. Albamu ilitoka Novemba 1993, mwezi mmoja tu kabla hajafariki.

Maoni yangu? Mtu aliyeshinda miaka na mkasi kurekebisha binadamu, mwishoni alipewa na binadamu kile alichodhani ni cha mashine tu. Ndiyo maana wale wa "laivu ni laivu" na wale wa "studio haina kosa" wote nawaona wana nusu ya ukweli. Mkasi unaweza kuchagua usiku mzuri. Usiku wenyewe lazima watu waupige.

Kama muda wako kafe ni mdogo, sikiliza Helsinki leo, zingine zitakusubiri. Na wewe mdau, bendi gani ya kwetu unatamani ingerekodiwa laivu kabla haijavunjika? Dondosha hapo chini tubishane kistaarabu.