Sindano inayobeba lawama za ugonjwa

Ndugu wa mgonjwa wakiambiwa inabidi atolewe maji ya uti wa mgongo, wengi husita kusaini. Wameshasikia kwamba anayechomwa sindano ile hupooza, au harudi tena nyumbani. Mifano wanayo: jirani alichomwa Jumatatu, Jumatano akazikwa.

Mifano hiyo siibishii. Ila homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria huua mgonjwa 1 kati ya 6, na wengi hufika hospitali wakiwa wameshazunguka sana: dawa ya malaria kwanza, kisha panadoli, pengine na kwa mganga, hadi shingo inakakamaa na fahamu zinapotea. Sindano huja mwisho wa safari hiyo, basi lawama zote zinaiangukia.

Jina nalo limechangia. Kinachougua ni utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, lakini mtu akisikia “uti wa mgongo” hudhani daktari anautoboa uti wenyewe. Kwa mtu mzima uti huo huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini zaidi, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, ambako kuna mishipa ya fahamu tu inayoelea majini, nayo huipisha. Mgonjwa hulala ubavu amekunja magoti kifuani, anapigwa ganzi, kisha maji yanadondoka tone kwa tone kwenye vichupa. Ni mililita chache tu. Mwili hutengeneza kama nusu lita kila siku. Kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa baadaye. Daktari akihofia jipu au uvimbe kwenye ubongo, huahirisha kwanza.

Maji ya mtu mzima wa afya ni maangavu. Yakitoka na ukungu kama maji yaliyooshea mchele, jibu limeshaanza kuonekana hapo hapo kitandani. Maabara huhesabu chembe nyeupe, hupima protini na sukari, na kutafuta kimelea chenyewe, maana dawa ya kawaida ya bakteria haiui fangasi wala kifua kikuu cha ubongo.

Kwa mwenye VVU aliyepata fangasi wa kriptokokasi, mambo hugeuka kabisa. Maji hutolewa tena na tena kama tiba, ili kushusha presha kichwani, na wapo wanaopata nafuu ya kichwa siku ileile. Hao hakuna anayewasimulia mtaani.

Wahudumu wetu nao wana sehemu yao: fomu husukumwa mezani na neno moja tu, “saini.” Ukiletewa fomu hiyo, uliza sindano itaingia wapi, na kama dawa imeshaanza. Ukijibiwa, saini usiku uleule, usingoje wajomba wafike asubuhi.