Lita Hamsini kwa Siku: Vizuizi vya Maji na Afya ya Jamii

Halmashauri ya jiji inapotangaza kwamba maji hayatoshi, wengi hulipokea tangazo hilo kama habari ya mabwawa na mabomba. Kwa mhudumu wa afya, hiyo ni habari ya magonjwa. Kila lita inayopunguzwa hutoka mahali fulani: kwenye bustani, kwenye bafu, au kwenye mikono ya mama anayemwandalia mtoto uji. Vizuizi vilivyopangwa vema huhakikisha kwamba bustani inakosa maji kabla ya mikono hiyo.

Jiji la Cape Town, Afrika Kusini, lilipitia mtihani huo baada ya mvua kuwa haba kuanzia mwaka 2015 hadi 2017. Jiji hilo hutegemea hasa mabwawa makubwa sita, na kubwa kuliko yote ni Theewaterskloof. Mwezi Januari 2018, hesabu zilionyesha kuwa kufikia Aprili ingewadia siku iliyopewa jina la Siku Sifuri. Mabwawa yangeshuka hadi asilimia 13.5 ya ujazo wake, mabomba ya makazi mengi yangefungwa, na wakazi wangepanga foleni katika vituo takriban 200 ili kila mtu apate lita 25 kwa siku.

Serikali ya jiji haikufikia hapo kwa hatua moja. Vizuizi vilipandishwa ngazi kwa ngazi. Kwanza vilibanwa vitu ambavyo mwili hauvihitaji: kumwagilia nyasi, kujaza mabwawa ya kuogelea na kuosha magari kwa mpira. Kisha kikawekwa kikomo kwa kila mtu, lita 87 kwa siku, na kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kikashushwa hadi lita 50. Bei ya maji ilipandishwa kwa watumiaji wakubwa. Nyumba zilizokaidi zilifungiwa kifaa kinachokata maji baada ya lita 350 kwa siku, na msukumo wa maji ukapunguzwa katika mabomba ya mitaa. Wakulima nao waliliachia jiji takriban lita bilioni 10 kutoka katika akiba yao.

Matumizi ya jiji, ambayo mwanzoni mwa 2015 yalikuwa yakifikia kama lita bilioni 1.2 kwa siku, yalishuka hadi chini ya nusu ya kiasi hicho. Mvua za majira ya baridi ziliporejea katikati ya 2018, Siku Sifuri ilikuwa bado haijafika.

Je, lita 50 zinatosha kulinda afya? Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku hukidhi mahitaji mengi ya msingi. Kikomo cha Cape Town kilikuwa, kwa hiyo, kwenye ukingo wa chini. Choo cha kuvuta kinachotumia lita 9 kikivutwa mara tano tu, zimekwisha lita 45. Ndiyo maana wakazi walihifadhi maji ya kuogea kwa ajili ya choo. Mzigo, hata hivyo, haukuwa sawa kwa wote. Palipokuwa na wapangaji wengi nyuma ya nyumba moja wakitumia mita moja, lita 350 ziligawanywa kwa watu wengi kuliko waliokusudiwa. Mgonjwa anayeharisha, au mzee asiyeweza kuzuia haja, huhitaji maji zaidi ya jirani yake mwenye afya, na kipimo cha mita hakimtambui.

Dar es Salaam ilikabiliwa na hali kama hiyo Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na uzalishaji kushuka kutoka lita milioni 466 hadi kama milioni 300 kwa siku. Njia iliyotumika huko ilikuwa mgao: mitaa kupokezana maji. Mgao ni rahisi kuutekeleza, lakini una hatari yake. Bomba likikauka, msukumo wa ndani hupotea, na maji machafu ya ardhini huweza kuingia kupitia nyufa. Maji yanaporudi, yale ya mwanzo yafaa kwa choo au usafi wa sakafu, si kwa kunywa. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kwa kufuata maelekezo ya pakiti, kisha yawekwe katika chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba au koki, ili mkono au kikombe kisizamishwe ndani.

Katika vituo vya afya, kuna matumizi yasiyopunguzika. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa saa nne huhitaji takriban lita 120 za kimiminika maalumu katika kipindi kimoja, mbali na maji yanayopotea wakati wa kuyachuja. Ndiyo maana mpango wa Cape Town uliziacha hospitali na zahanati ziendelee kupata maji hata kama Siku Sifuri ingefika. Spiriti ya mikono husaidia sana, lakini haiondoi uchafu unaoonekana, wala haiui vimelea vyote vya kuhara. Sabuni na maji hubaki kuwa lazima. Kinachoweza kuokolewa ni maji yanayotiririka bure: koki ifungwe wakati mikono inasuguliwa.

Mganga mkuu wa wilaya anastahili kuwapo mezani kabla kikomo hakijatangazwa. Halmashauri ijue mapema ni zahanati zipi hazina matangi, ni wagonjwa wangapi wanauguzwa nyumbani, na ni mitaa ipi familia kadhaa hutumia bomba moja. Mgonjwa naye asione haya kumweleza muuguzi kuwa nyumbani kwake maji hayatoshi, kwa kuwa taarifa hiyo hubadilisha ushauri anaopaswa kupewa kuhusu dawa, vidonda na usafi wake.