Barabara Kuu ya Kitui: Wenyeji Waulizwe Kabla ya Vigingi Kupigwa

Zamani mtu wa Mutomo aliyetaka kupeleka mbuzi, pojo au mbaazi zake pwani alikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa za taabu. Ya kwanza ni kupanda kwanza hadi Kitui mjini, kisha Machakos, ndipo aishike Barabara ya Mombasa na kuanza kushuka. Yaani mtu aendaye baharini aanze safari kwa kuipa bahari kisogo. Ya pili ni kukata moja kwa moja kwa njia ya Ikutha mpaka Kibwezi, juu ya udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi ulikuwa vumbi tupu, na mvua za Novemba zikinyesha ulimeza magurudumu ya lori hata dereva akalala huko huko siku mbili.

Taabu hiyo imekwisha. Katika miaka iliyofuata 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, ile iitwayo KeNHA, iliitia lami barabara itokayo Kibwezi, ikavuka mto Athi, ikapita Ikutha, Mutomo na Ikanga, ikaingia Kitui mjini na kuendelea Kabati hadi Migwani. Urefu wake ni kilomita 192, na mkandarasi alikuwa kampuni ya Sinohydro kutoka Uchina. Tena umekuwapo mpango wa kuiendeleza upande wa kaskazini, ipite Mwingi, Kandwia na Kyuso, ifike Usueni karibu na mto Tana, ili motokaa zitokazo bandarini ziweze kwenda Tharaka, Meru na Isiolo pasipo kuingia Nairobi. Ni mpango mzuri, wala sijasikia mtu mwenye akili timamu aupingaye. Swali ni lingine: je, wale watakaopitiwa na barabara hiyo wataulizwa lini, na nani, na maneno yao yatawekwa wapi?

Katika Ukambani wazee husimulia habari za Syokimau, yule nabii wa kike, aliyetabiri kuja kwa nyoka mrefu kutoka baharini hata bara. Na reli ilipofika watu wakasema, ndiye huyu. Lakini Syokimau hakueleza nyoka yule angepita katika shamba la nani. Kazi hiyo aliiachia Serikali, na Serikali haina budi kuifanya kwa kuuliza.

Kwamba kutouliza kuna gharama si jambo la kubahatisha hapa kwetu. Mwaka 1938, Makueni ilipokuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Machakos, Serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu kwa kuwa ardhi ilikuwa ikimomonyoka. Kwamba ardhi ilikuwa ikimomonyoka ni kweli. Makorongo yalionekana kwa macho. Lakini wenye ng'ombe hawakushauriwa. Walikuja kuona mifugo yao ikikamatwa na kuuzwa kwa bei duni, basi mamia kwa mamia, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumtafuta Gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Hata hivyo amri ya kuuza kwa lazima haikudumu. Na ajabu ni hii: matuta ambayo leo yamefunika vilima vya Machakos na Makueni yamechimbwa kwa jasho la wenyeji hao hao, wengi wao wakifanya kazi kwa mwethya, yaani kwa kusaidiana, baada ya kuona wenyewe faida ya matuta. Ardhi ilikuwa ile ile na watu wale wale.

Leo sheria haimwachii afisa kuamua kama atauliza au hatauliza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa kanuni za utawala, na kifungu cha 69 kinaitaka Serikali iwahimize watu washiriki katika utunzaji wa mazingira. Kanuni za ukaguzi wa mazingira zilizotungwa mwaka 2003 ziliingia hata katika mambo madogo: matangazo yabandikwe mahali pa watu wengi, yachapishwe katika gazeti lisomwalo nchi nzima, yasomwe redioni kwa lugha ya Serikali na kwa lugha ya wenyeji, na mikutano isipungue mitatu pamoja na wale watakaoguswa na kazi. Tena ziliagiza awepo mtu mwenye ujuzi wa kupokea maoni, ya mdomo na ya maandishi, na kuyafasiri ikihitajika. Kwa maneno mengine, bibi wa Kyuso asiyejua ila Kikamba ana haki ile ile ya kuandikwa neno lake kama mwalimu aliyeleta barua iliyopigwa chapa.

Na katika jambo hili Kitui imeipa nchi nzima somo. Wenyeji wa bonde la Mui, kule Mwingi, walikwenda Mahakama Kuu kwa habari ya makaa ya mawe yaliyokusudiwa kuchimbwa katika ardhi yao, na hukumu iliyotolewa mwaka 2015 imekuwa ikinukuliwa na mawakili tangu hapo. Waamuzi walieleza kwamba hakuna mtindo mmoja wa kushirikisha watu ufaao kila mahali. Lililo la lazima ni kwamba watu wapewe habari kamili, wapewe nafasi ya kweli ya kusema, na maneno yao yafikiriwe kwa nia njema. Walisema pia kwamba si kila mtu lazima apate alitakalo, wala wananchi hawachukui kazi ya wataalamu. Lakini wale watakaoumia zaidi wasikilizwe zaidi. Maneno haya ya mwisho yafaa yakumbukwe sana mtu anapozungumza habari za barabara. Mfanya biashara wa Mombasa atafaidika na lami ya Usueni, naye asikilizwe. Lakini hakuna kigingi kitakachopigwa sebuleni kwake.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Sehemu kubwa za Kitui bado watu hukaa kwa urithi wa baba na babu, mpaka ukiwa ni mti au jiwe, na hati ya kumiliki haijapatikana. Wengi hudhani kwamba asiye na hati hana dai. Si hivyo. Kifungu cha 40 cha Katiba chaamuru kwamba ardhi ikichukuliwa kwa manufaa ya umma mwenyewe alipwe fidia ya haki, kamili na bila kukawia. Na kifungu hicho hicho kinatoa nafasi ya kuwalipa hata wale wanaokaa katika ardhi kwa nia njema bila hati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutangaza katika Gazeti la Serikali kwamba ardhi fulani inatakiwa. Halafu, si chini ya siku 30 baadaye, hufanya uchunguzi wa hadhara, na dai la maandishi hupasa kuifikia Tume kabla ya siku hiyo kupita. Hapo ndipo wengi huanguka. Gazeti la Serikali halifungiwi sukari dukani Tseikuru, na mjane asiyepata habari hata siku ya uchunguzi huja kudai wakati meza zimekwisha kukunjwa. Ni wajibu wa chifu na naibu wake kuzipeleka habari hizo sokoni, kanisani na msikitini. Na ni wajibu wa kijana mwenye simu nzuri kumsomea nyanya yake.

Hata hivyo katika mikutano mingi ya namna hii fidia hula saa zote, na maji hayatajwi kabisa. Kwa watu wa nchi kavu kama yetu hili ni kosa kubwa. Barabara ya lami ni kama paa la mabati lililolala chini: mvua ikinyesha, maji yote hukimbilia kando, huingia katika kalvati, na kutoka upande wa pili kwa nguvu. Kalvati ikiwekwa pasipo mashauri, maji hayo huchimba korongo katikati ya shamba la mtu, na matuta aliyoyachimba kwa miaka kumi huondoka katika usiku mmoja. Ikiwekwa kwa mashauri, maji hayo hayo huongozwa kwa mifereji hadi bwawani au katika mashimo ya kupandia, na mahindi hustawi wakati ya jirani yamekauka. Jambo hili si ndoto. Wakulima wa Makueni na Kitui wamelifanya kando ya barabara zao za udongo, na serikali zao za kaunti zimewaunga mkono.

Kadhalika na mito yetu ya mchanga. Watu wa Kitui wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, mengi kwa msaada wa shirika la SASOL: ukuta hukingamishwa katika mto, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga mbali na jua. Injinia akitaka kuvusha barabara ndogo katika mto wa namna hiyo, anaweza kujenga kivuko cha saruji kilicho imara kisicho na matundu, na kivuko hicho kikawa vile vile ukuta wa bwawa. Gharama ya nyongeza ni ndogo. Lakini ni nani atakayemwambia kwamba mahali pale ndipo kina mama wachotapo maji mwezi wa Septemba, kama si kina mama wenyewe? Ramani haionyeshi kisima kilichochimbwa kwa mkono na kuzungushiwa miiba.

Tena mchanga huo huo mkandarasi anautaka kwa saruji yake. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kuusafirisha mchanga na makaa nje ya kaunti, kwa sababu malori yalikuwa yakiondoka nao usiku na mchana. Barabara nzuri huleta daktari haraka. Pia huleta lori la mchanga haraka. Basi katika mkutano wa kwanza, kabla ya soda kuletwa, yafaa iulizwe: mchanga wa kazi hii utatoka mto gani, kwa kiasi gani, na nani atakayehesabu malori?

Yako na mengine ambayo nitayapitia upesi: njia za ng'ombe kwenda mnadani, matuta ya kupunguza mwendo karibu na shule, makaburi, maduka yaliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara, na wanyama wa pori kule South Kitui ambao hawasomi alama za barabarani.

Kwa desturi ya kushauriana, Makueni imepata sifa tangu mwaka 2013. Huko watu hukutana kwanza kijijini, kisha vijiji kadhaa pamoja, halafu wadi, na hivyo hivyo mpaka kaunti nzima. Tena kamati iliyochaguliwa na wenyeji hutazama kazi, na mkandarasi halipwi mpaka kamati iridhike. Ni utaratibu mzuri sana. Lakini mtu wa Kibwezi aliyezoea utaratibu huo asije akadanganyika: barabara kuu si mali ya kaunti. Katiba imeziweka chini ya Serikali ya taifa, na KeNHA haifungwi na kamati ya wadi. Dai lililosemwa kwa ufasaha mbele ya diwani wa kaunti laweza kubaki kwenye kabati la kaunti, wakati injinia wa Nairobi amekwisha kuchora mstari wake. Ni lazima neno lipelekwe kwenye ofisi inayohusika.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni karatasi, kwa hiyo naomba niseme juu ya karatasi. Mkutano wa baraza hudumu saa tatu. Kumbukumbu zake hudumu miaka thelathini. Mara nyingi watu hutia sahihi katika orodha ya waliohudhuria wakidhani ni ya chakula cha mchana, na baadaye orodha hiyo huambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba walikubali. Kuhudhuria si kukubali. Iandikwe wazi juu ya ukurasa kwamba hiyo ni orodha ya mahudhurio tu. Kijiji kiwe na mtu wake wa kuandika, mbali na karani wa mkandarasi, na mwisho wa mkutano maandishi yasomwe kwa Kikamba mbele ya wote. Nakala moja ibaki kwa chifu, moja shuleni, moja ipelekwe KeNHA ikapigwe mhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Tarehe hiyo ina faida yake, kwa maana mtu asiyeridhika na leseni ya mazingira iliyotolewa na NEMA aweza kukata rufani mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira, na sheria inampa siku 60.