Tukutane Forodhani: vijiwe vya ujana wa Mji Mkongwe

Waliosoma pamoja Unguja hawachukui muda kurudi nyumbani kwa maneno. Wakutane arusini Muscat, mazikoni London au kwenye futari Toronto, kwanza wataulizana habari za watoto na wajukuu, na ni nani aliyetangulia mbele ya haki. Kisha mmoja atauliza kama yule muuza urojo wa Darajani yu hai bado. Hapo mazungumzo huchangamka. Foleni ya tiketi nje ya Majestic, kahawa ya Jaws Corner, sikukuu ya Mnazi Mmoja, ukuta wa Forodhani wa kurukia baharini: kila mtu ana lake la kuongeza, na kila mtu anadai alikuwepo.

Kutawanyika kwao kuna historia. Wengi waliihama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Oman mwaka 1970, nchi ile iliyokuwa na uhaba mkubwa wa wasomi iliwapokea Wazanzibari wenye asili ya huko, na mpaka leo zipo nyumba Muscat ambazo Kiswahili ndicho cha sebuleni. Wengine walikwenda Uingereza, nchi nyingine za Ghuba, Denmark na Kanada. Wengine hawakwenda popote. Wako Vuga, Malindi na Kikwajuni, na ndio wanaowapokea wenzao wanaporudi kwa likizo na kuwapitisha tena vichochoroni.

Ukimsikiliza mtu akitaja mahali alipokulia, umri wake unaujua. Anayesema alisoma King George VI alimaliza kabla ya Mapinduzi. Mdogo wake, katika majengo yale yale, anasema Lumumba. Mmoja alitazama filamu Sultana, mwengine Cine Afrique, na sinema ni ile ile. Bustani ya Forodhani wazee waliijua kwa jina la Jubilee, kwa sababu ilitengenezwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub, aliyekikalia kiti mwaka 1911. Majina yamebadilika na serikali zimebadilika, lakini vijana waliendelea kukutana pale pale.

Jumapili ya sinema

Katika kumbukumbu za waliokuwa vijana kati ya miaka ya 1950 na 1980, sinema inashika nafasi ya kwanza. Mji Mkongwe ulikuwa na tatu, zote za kwenda kwa miguu. Ya Vuga ilianza kama Royal mwaka 1921, baadaye ikaitwa Majestic. Jengo la kwanza liliteketea kwa moto na jipya likafunguliwa mwaka 1955. Empire ilikuwa Darajani, karibu na soko. Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ikawa Cine Afrique, ilijengwa upande wa Malindi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, na filamu yenyewe ilikuwa ya Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, Mother India ya 1957, Bobby ya 1973, Sholay ya 1975: hizi zilitazamwa na babu, mama na kijana wa skuli, wakaondoka wote wanalia. Watu walivaa nguo zao za kutokea. Tiketi za filamu mpya zilikwisha mapema, na walanguzi walijua kuziuza upya pembeni kwa bei ya juu. Kijana asiye na pesa alikaa viti vya mbele, chini ya pazia, shingo ikimuuma. Mwenye nazo alipanda juu kwenye roshani. Lakini kesho yake skulini wote walikuwa na nyimbo zile zile midomoni, hata wasiojua neno moja la Kihindi. Nyingi ya tuni hizo ziliingia katika taarab na kupewa maneno ya Kiswahili.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa zamani hupenda kulieleza kwa mikono. Filamu ilikuwa nakala moja, na sinema zilizotaka kuionyesha usiku huo zilikuwa zaidi ya moja. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilifika ikiwa imegawanywa katika rili nyingi, kila moja ndani ya bati lake la duara. Sinema ya kwanza ilitangulia kuanza. Rili ikimalizika, mwendesha mashine huirudisha nyuma, anaitia kwenye bati, na kijana aliyekuwa akingoja nje anaifunga kwenye baiskeli na kuikimbiza hadi sinema ya pili, ambako watu wameshaketi. Huku akirudi, nyingine inamngoja. Akichelewa kwa pancha au kwa umati wa watu njiani, pazia la sinema ya pili lilibaki jeupe, na ukumbi mzima ukapiga miluzi na kugonga miguu. Mji ulikuwa mdogo, nakala ilikuwa moja, na baiskeli iliutosha.

Wasichana walikuwa na njia zao. Palikuwa na maonyesho ya wanawake pekee, ambayo mzazi mkali hakuwa na sababu ya kuyakataza. Mabuibui yalijaa ukumbini, na bila macho ya wanaume kilio na kicheko vilikuwa huru zaidi. Wavulana nao walijua saa ya kutoka. Walijipanga ng'ambo ya barabara wakijifanya wana mazungumzo mazito, na kumuona tu dada wa rafiki akipita kulitosha kuwa habari ya wiki nzima.

Miaka hiyo haikuwa ya starehe tupu. Baada ya Mapinduzi sinema zilichukuliwa na serikali na filamu zikakaguliwa kwa jicho kali zaidi. Mavazi nayo yaliandamwa. Tanzania Bara ilikuwa na Operesheni Vijana mwaka 1969, iliyopiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Zanzibar, vijana wa chama waliwasimamisha wenzao mitaani kwa sababu ya bugaluu, nywele ndefu au sketi iliyopanda juu ya goti. Kijana aliyeiona suruali pana kwenye filamu Jumapili akashonesha ya kwake Jumatano aliweza kuvuliwa heshima yake njiani Ijumaa. Wapo wanaolisimulia hilo leo kwa kicheko, na wapo ambao mpaka sasa wakilitaja hawacheki.

Barza na kahawa

Sinema ilitaka kiingilio. Barza haikutaka kitu.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina kiti cha mawe kilichojengwa kufuata ukuta wa nje, urefu wa nyumba nzima. Mwenye nyumba alimpokea hapo mgeni wa kiume bila kumpitisha ndani kwa wanawake, na mvua za masika zikifurika uchochoroni, barza ikawa njia ya kupitia mtu asirowane miguu. Kwa vijana palikuwa mahali pa kukaa bila kuulizwa kinachowaweka hapo. Baada ya chuo cha jioni au mpira wa Mnazi Mmoja walikaa wakasukumana, wakacheza karata na dama, wakanakili hesabu za kesho na kubishana timu ya Malindi itafungwa au itafunga. Mzee akipita, mmoja alisimama kumpisha na wote wakamuamkia. Na ilikuwa bora wafanye hivyo, kwani mzee yule angeweza kufika kwa baba yao kabla ya isha.

Katika njiapanda ya Sokomuhogo barza zinakutana na kufanya kiwanja kidogo. Hapo ndipo Jaws Corner, jina lililotokana na filamu ya papa ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, na papa wenyewe wamechorwa ukutani. Filamu kama hiyo iliweza kutazamwa hata mtaani, kwani Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi yoyote ya Afrika kusini mwa Sahara, wakati Bara ilingoja mpaka mwaka 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Lakini seti zilikuwa chache, na kutazama kulikuwa jambo la mtaa. Mwenye seti aliwafungulia jirani dirisha. Mwenye dirisha dogo aliitoa nje.

Kahawa ya Jaws Corner ni kazi yenye utaratibu wake. Muuzaji ana dele la shaba lenye makaa chini yake, na vikombe vidogo visivyo na mkono ambavyo huvigonganisha ili watu wajue kafika. Anamimina kidogo, chungu, bila sukari. Utamu unautafuta kwenye kipande cha kashata. Ukirudisha kikombe kinasuuzwa ndooni na kumpata mwengine. Kwa senti chache mwanafunzi aliweza kukaa pembeni ya wakubwa saa nzima akisikiliza bei ya karafuu, habari za redio na kesi za ardhi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, vituo kama hivi vikawa vya siasa. Jaws Corner ikajulikana kwa wafuasi wa upinzani, na maskani ya Kisonge, kule Michenzani kwenye majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ikawa ya chama tawala. Marafiki waliokuwa wakigawana kashata moja walijikuta kila mmoja na barza yake, na kwa wengine ilichukua miaka mingi kukaa pamoja tena.

Jioni ya Forodhani

Forodhani ndiko kila kizazi kinakodai kuwa chake. Iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Zamani bendi ilipiga muziki bustanini na familia zikatembea wima, watoto mbele, wazazi nyuma. Baadaye ikaja harufu ya mishikaki, pweza na muhogo wa kuchoma, na mwanga wa karabai juu ya meza za mbao. Mashine ya miwa ilizungushwa kwa mkono, na muwa ukapita mara ya pili ukiwa umekunjwa na ndimu na tangawizi ndani yake.

Wanaorudi kutoka ng'ambo huanza na urojo, wanywe huko au Darajani. Muuzaji hapimi. Anatupa bakulini viazi vilivyochemshwa, bajia mbili za dengu, kachori aliyoivunja kwa vidole, kipande cha mshikaki na yai akiombwa. Juu yake anamwaga ule mchuzi wa unga, manjano na ndimu, kisha chatne ya nazi, kijiko cha pilipili, na mwisho konzi ya chipsi nyembamba za muhogo zinazotakiwa kuliwa kabla hazijalainika. Wanafunzi wawili walichanga bakuli moja, na ugomvi ulikuwa ni nani aliyeila kachori yote.

Kisha kuna ukuta wa bahari. Maji yakijaa jioni, wavulana huanza mbio kutoka mbali bustanini, hukanyaga ukingo na kujirusha, wengine kichwa mbele, wengine wakijiviringisha mara mbili hewani kabla ya kupiga maji. Siku hizi mchezo huu unajulikana sana kwa jina la makachu, na watalii hujipanga na simu zao kuupiga picha. Wanaume wenye mvi wakisimama nyuma ya watalii hao huona wanachokijua tangu utotoni: kwamba maji yakiwa kupwa haurukwi ukuta ule, kwamba mkubwa humuangalia mdogo, na kwamba asiyethubutu leo atangojewa mpaka athubutu.

Kilichobaki

Mikanda ya video ilipoenea miaka ya 1980, sinema zilianza kupoteza watu. Mtu aliweza kutazama Sholay sebuleni mara kumi. Empire imekuwa supamaketi, na Cine Afrique si sinema tena. Majestic ingali pale Vuga, paa lake limeanguka, huku wapenzi wa majengo ya kale wakiendelea kupigania ifufuliwe. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, limerudisha pazia kubwa mjini, safari hii ndani ya Ngome Kongwe, lakini ni kwa siku chache za mwaka.

Forodhani ilifanyiwa ukarabati na mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Njia zimetandazwa, ukuta umeimarishwa, taa zinawaka. Wateja wengi wa meza zake sasa ni wageni, na bei zinawafuata wao. Mji Mkongwe wenyewe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, jambo lililookoa milango na roshani nyingi. Lakini nyumba ikigeuzwa hoteli, barza yake hupata mlinzi au mito ya wageni, na vijana wa mtaa hawakai tena. Jiwe limehifadhiwa, kukaa kumepotea.

Hapo ndipo mazungumzo ya wanafunzi wa zamani yanapostahili kusikilizwa na wanaopanga mji. Wakiulizwa walichokipenda, hawataji vitu vya gharama. Wanataja mahali ambapo mtoto wa tajiri na mtoto wa mchukuzi waliweza kukaa pamoja kwa senti chache au bila senti, palipoonekana na wakubwa bila kusimamiwa nao, na palipofikika kwa miguu. Kijana wa Unguja wa leo naye anapahitaji mahali kama hapo: kiwanja kisichojengwa duka, kipande cha Forodhani kisichotaka mtu anunue kitu ndipo akae, ukumbi wa filamu wa bei ya mwanafunzi.

Na wanafunzi hao wa zamani wenyewe wana la kutoa. Katika masanduku ya Muscat, London na Ng'ambo ya Unguja zimo picha za makundi ya skuli, tiketi zilizokunjwa, vijana watano wa bugaluu wameegemea ukuta. Nyuma ya picha hizo majina hayajaandikwa, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko pale Kilimani. Anayekuja likizo achukue albamu yake, akae na wenzake barzani waandike nani ni nani na wapi ni wapi, kisha apeleke nakala. Aanze na za Majestic, maana watakaotaka kulifufua jengo lile watahitaji kujua lilivyokuwa lilipojaa watu.