Opereta Moja, Klasi Mbili: Swala la Maana katika Lugha za Programu

Mwanaisimu hashangai aonapo neno moja likibeba maana kadha wa kadha, kwani muktadha ndio unaomwongoza. Lugha za programu nazo zina jambo linalofanana na hilo. Mathalan, katika nyingi kati ya lugha hizo, alama + ikiwa kati ya namba mbili hujumlisha. Ikiwa kati ya matini mbili huziunganisha, hata "ki" na "tabu" zikawa "kitabu". C++, lugha iliyobuniwa na Bjarne Stroustrup, humruhusu mtunga programu kuibebesha opereta maana mpya kwa ajili ya klasi aliyoiunda mwenyewe.

Utata huanza pale klasi mbili zinapokutana. Usemi "vekta * 2" waweza kufasiriwa kwa kanuni iliyomo ndani ya klasi ya Vekta, kwa kuwa vekta ndiyo iliyo kushoto. Lakini "2 * vekta" hukosa mwenyewe: namba haina habari ya vekta, wala mtunga programu hawezi kuibadilisha. C++ hulitatua swala hili kwa kanuni iliyo nje ya klasi. Nayo ikihitaji kuzifikia siri za klasi, hapana budi klasi hiyo iitangaze kuwa rafiki. Python hufuata njia nyingine. Kwa kawaida upande wa kushoto huulizwa kwanza. Ukikiri kutoweza, huulizwa wa kulia. Pande zote zikishindwa, kosa hutangazwa.

Mwanasarufi wa Kiswahili ataitambua shida hii. Katika "kiti na meza", nomino mbili za ngeli mbalimbali hudai kitenzi kimoja: wapo wasemao "vimevunjika", na wapo wasemao "zimevunjika" kwa kuifuata nomino iliyo karibu. Hata hivyo msikilizaji huelewa. Kompyuta haina subira hiyo. Yahitaji kanuni moja iliyo wazi.

Aidha, kanuni kuwa wazi si kusema kwamba ni ya busara. Mtu akiiagiza + itoe badala ya kujumlisha, C++ haitamzuia; atakayepotoka ni msomaji. Ndiyo maana Java, iliyotolewa mwaka 1995, iliwanyima watunga programu uhuru huo, ingawa yenyewe hutumia + kuunganisha matini. Kwa hiyo opereta, kama neno, hutegemea mapatano: maana mpya hufaa iwapo tu haimsaliti aliyeizoea ile ya zamani.