KUJINYIMA BUNDUKI KWA HIARI



Kila muhula ukianza, mimi humkabidhi mwalimu wa bweni pesa zangu za matumizi anihifadhie. Si kwamba ni mwizi, la! Najijua tu. Zikikaa mfukoni, mandazi yatazimaliza kabla ya wiki mbili. Nikiwa nimeshiba, najikinga na siku nitakayokuwa na njaa. Nilikumbuka pesa hizo niliposoma juu ya sheria moja ya huko Marekani, nayo ndiyo nitakayowaeleza.

Nchini humo raia wengi wana ruhusa ya kununua bunduki. Kwa miaka mingi sasa, wanaojiua kwa bunduki wamekuwa wengi kuliko wanaouawa na wenzao kwa silaha hiyo. Aghalabu dhiki inayomsukuma mtu hupanda ghafla, kisha hupungua. Lakini wapi! Risasi ikishatoka hairudi.

Profesa Fredrick Vars wa Chuo Kikuu cha Alabama, ambaye hakuficha kwamba yeye mwenyewe ana maradhi ya akili, alitoa shauri: mtu akiwa mtulivu ajiandikishe ili asiuziwe bunduki siku atakapozidiwa. Jimbo la Washington lilikuwa la kwanza kupitisha sheria ya namna hiyo, mwaka wa 2018. Virginia ilifuata mwaka wa 2020 na Utah mwaka wa 2021.

Je, hufanywaje? Kule Washington, mtu huenda kwa karani wa mahakama na kitambulisho chake, akajaza fomu. Jina lake hupelekwa kwa polisi wa jimbo, likaingizwa katika orodha inayokaguliwa kabla ya mnunuzi kupewa bunduki. Habari zake huwa siri. Akibadili nia anaweza kujiondoa, ila si kabla ya siku saba kupita. Hapo ndipo penye maana yote, kwani katika siku saba wimbi kubwa huweza kutulia, na ndugu au daktari akapata nafasi ya kusaidia.

Wengine watauliza, "Kwani nani mwenye akili timamu atajinyima haki yake?" Mimi najibu: ni huyo huyo mwenye akili timamu! Hakuna aliyemlazimisha, wala hajaitwa mhalifu. Ni kweli sheria hii haimfai asiyejiandikisha, lakini aliyejiandikisha amejiwekea kizuizi kwa mkono wake mwenyewe.

Sisi hapa shuleni hatuna bunduki, lakini dhiki tunazo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Basi mwenzako akikuambia, "Nishikie kitu hiki, leo sijiamini," jamani, usimcheke. Kipokee, kaa naye, kisha mfuateni mwalimu au mzazi pamoja. Na ikiwa ni wewe unayezidiwa, sema mapema. Kuomba kushikiliwa si aibu.