Kuonekana kwenye Google: jinsi ya kumchagua fundi wa SEO bila kupoteza pesa wala funguo za tovuti

Tovuti imefunguliwa. Picha za vyumba zimewekwa, namba ya WhatsApp iko pale chini, na kijana aliyeijenga amekwisha kulipwa. Wiki tatu baadaye, mwenye nyumba ya wageni mjini Butembo anaandika kwenye Google «hôtel à Butembo» na haoni jina lake popote, si kwenye ukurasa wa kwanza, si kwenye ukurasa wa tatu. Jioni ujumbe unaingia kwenye simu: mtu asiyemjua anamwahidi nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya siku saba, kwa dola 150, zote zilipwe kabla ya kazi kuanza.

Mfano huu unaweza kuwa wa muuza kahawa ya Kivu, wa mama anayeshona vitenge au wa kijana anayeuza paneli za jua. Biashara nyingi za mashariki mwa Congo zimezoea kuuza kwa Facebook na WhatsApp, ambako mteja ni mtu anayemjua muuzaji au aliyeelekezwa na ndugu. Tovuti ina kazi nyingine: kumleta mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la biashara. Na mtu huyo, mara nyingi, hupitia Google.

Hapo ndipo anapoingia fundi wa SEO. Herufi hizo tatu zinataja kazi ya kuisaidia tovuti ionekane pale watu wanapotafuta kitu kwenye intaneti. Wanaotumia Kifaransa huiita référencement. Mafundi wengi wa kazi hii hujitegemea. Hawana ofisi wala kibao mlangoni, wana kompyuta na wateja wa miji mbalimbali. Wapo wanaojua kazi, na wapo wanaouza upepo. Shida ya mwenye tovuti mpya ni kuwatofautisha kabla dola 150 hazijatoka mfukoni, kwani kwa wengine pesa hiyo ni zamu nzima ya likelemba.

Nafasi ya kwanza haiuzwi

Ili kumpima fundi, inafaa kwanza kujua Google inavyofanya kazi. Programu zake huzunguka kwenye intaneti zikitembelea kurasa. Kurasa zinazofaa huwekwa katika hifadhi kubwa, kama vile vitabu vinavyoandikishwa katika maktaba. Mtu anapouliza kitu, Google huchagua katika hifadhi hiyo kurasa inazoona zinajibu swali lake vizuri zaidi.

Katika mwongozo wake kwa wenye tovuti, Google inasema kwamba haipokei malipo ili kuipandisha tovuti katika majibu ya kawaida. Kinacholipiwa ni matangazo, nayo huwa na alama inayoonyesha kwamba ni matangazo. Siku pesa inapokwisha, tangazo linaondoka. Mwongozo huo unasema pia, bila kuzunguka, kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza kwenye Google.

Kwa hiyo ahadi ya siku saba inajihukumu yenyewe. Anayeitoa ama hajui kazi, ama anajua na anadanganya. Wengine hununua tangazo la wiki moja na kumwonyesha mteja kwamba tovuti iko juu. Wengine hutimiza ahadi kwa ujanja: wanaiweka tovuti mbele kwa maneno ambayo hakuna anayeyatafuta, kama jina kamili la nyumba ya wageni pamoja na jina la mtaa. Aliyekwisha kulijua jina hilo hakuhitaji kusaidiwa kulipata.

Ujumbe unaokuja bila kuombwa nao ni wa kutilia shaka. Google inasimulia kwamba yenyewe hupokea barua za namna hiyo, zikiiambia kwamba tovuti yake haionekani vizuri kwenye injini za utafutaji.

Vipimo vya bure kabla ya kumtafuta fundi

Mara nyingine tovuti mpya haionekani kwa sababu ndogo, na kuitatua hakugharimu hata franka moja.

Kipimo cha kwanza ni kuandika kwenye Google neno «site», nukta mbili, kisha anwani ya tovuti, vyote bila nafasi katikati. Kurasa zikitokea, Google inaijua tovuti, na shida ni nafasi yake tu. Zisipotokea, huenda Google haijafika bado, au kuna kitu kinachoizuia.

Kizuizi kimoja kinajulikana sana kwa mafundi. Tovuti nyingi ndogo hujengwa kwa WordPress, na ndani ya mipangilio yake kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiandikishe tovuti. Mjenzi hukitia alama wakati kazi haijakamilika, halafu husahau kukiondoa. Tovuti inaweza kukaa miezi namna hiyo, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani.

Kipimo cha pili ni Search Console, chombo cha Google kisicholipiwa. Kinamwonyesha mwenye tovuti kurasa zipi zimeandikishwa, maneno gani watu waliandika hadi tovuti ikatokea mbele yao, na wangapi walibofya. Kwa biashara yenye mlango ambao mteja anaweza kuufikia kwa miguu au kwa pikipiki, kuna pia Google Business Profile, ambayo huiweka biashara kwenye ramani pamoja na saa za kazi, picha na namba ya simu. Nayo ni bure. Nyumba ya wageni ya Butembo inaweza kupata wateja wake wa kwanza kupitia ramani hiyo kabla tovuti yenyewe haijapanda.

Fundi mwaminifu huanzia hapo hapo. Akiomba pesa kabla hata ya kuitazama tovuti, hajui bado anachokwenda kukitengeneza.

Maswali ya kumwuliza

Swali la kwanza ni kazi alizokwisha kufanya. Fundi aonyeshe tovuti mbili au tatu, aeleze zilikuwa na shida gani na yeye alibadilisha nini, kisha aruhusu wenye tovuti hizo wapigiwe simu. Picha za michoro inayopanda peke yake hazitoshi, kwa kuwa mchoro unaweza kutoka kwa tovuti yoyote.

La pili ni wateja. Kabla ya kusema lolote kuhusu Google, fundi mzuri huuliza: nani analala kwenye nyumba hii? Anatoka wapi? Anatafuta kwa lugha gani? Mfanyabiashara anayetoka Kinshasa huandika Kifaransa, anayetoka Kampala anaweza kuandika Kiingereza, na mwingine ataandika Kiswahili. Kila mmoja anahitaji ukurasa unaomjibu kwa maneno yake. Hapo ndipo fundi wa karibu anaweza kumshinda yule wa mbali anayepatikana kwenye majukwaa kama Upwork au Fiverr, hata kama wa mbali ana ujuzi mwingi wa mitambo. Jaribio rahisi ni kumwomba kila mmoja aandike maneno matano ambayo mteja wa biashara hii angeyaandika kwenye simu yake. Majibu yanaonyesha nani ameielewa kazi.

La tatu ni simu. Kwa sasa Google huipima tovuti kwa kutazama jinsi inavyoonekana kwenye simu, si kwenye kompyuta kubwa. Kwa eneo ambako watu hununua megabaiti kidogo kidogo, picha nzito ni hasara mara mbili: Google inapata ukurasa mzito, na mteja anaondoka kabla haujafunguka. Fundi anayeijaribu tovuti kwenye kompyuta yake peke yake amesahau wateja wengi.

La nne ni viungo, yaani tovuti nyingine zinazomwelekeza msomaji kwenye tovuti hii. Google huvihesabu kama dalili ya kuaminiwa, ndiyo sababu kuna soko la kuviuza kwa mamia. Mwezi wa 4 mwaka 2012 Google ilitoa badiliko lililoitwa Penguin, lililolenga tovuti zinazojipandisha kwa viungo bandia. Fundi anayeahidi viungo elfu moja kwa dola 20 anamwekea mteja wake mtego. Viungo vyenye faida hutoka mahali halisi: ukurasa wa chuo kilichowalaza wageni wake hapo, chombo cha habari cha mji, shirika linalotoa orodha ya malazi.

Anayeadhibiwa ni mwenye tovuti

Kampuni kubwa nazo zimeumia kwa njia hii. Mwezi wa 2 mwaka 2006 Google iliiondoa katika majibu yake tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari BMW, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuidanganya injini ya utafutaji. Ilirudishwa baada ya kusafishwa. Mwezi wa 2 mwaka 2011, gazeti la New York Times liliandika kwamba duka la Marekani J.C. Penney lilikuwa juu katika utafutaji wa bidhaa nyingi huku maelfu ya viungo yakiwa yametapakaa kwenye tovuti zisizohusiana na biashara yake. Google iliishusha. Duka hilo lilisema halikujua lolote kuhusu viungo hivyo, na likaachana na kampuni iliyokuwa ikiifanya kazi hiyo.

Kutojua hakukuliokoa. Google huishusha tovuti, haimtafuti fundi. Yeye anaweza kubadilisha namba ya simu kesho na kupata mteja mwingine, lakini jina la biashara linabaki na doa. Kampuni kubwa ina mawakili na pesa za kuanza upya. Nyumba ya wageni yenye vyumba vinane haina.

Nani anashika funguo?

Hatari nyingine inaonekana ndogo hadi siku ya ugomvi. Jina la tovuti, lile linaloishia kwa .cd au .com, huandikishwa kwa jina la mtu. Mara nyingi anayeandikisha ni fundi, kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa sababu mwenye biashara alimwachia kila kitu. Wakikosana, au fundi akihama, mwenye biashara anagundua kwamba jina alilolichapisha kwenye kadi na kulichora ukutani si lake.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi wa SEO, mwenye biashara anahitaji kuwa na vitu vitatu kwa barua pepe yake mwenyewe: jina la tovuti, akaunti ya seva inakohifadhiwa, na Search Console. Fundi huongezwa kama mtumiaji. Search Console inaruhusu kumpa mtu haki ya kutazama bila kubadilisha kitu, na hiyo inatosha kwa uchunguzi wa mwanzo. Neno la siri la mwenyewe halitolewi. Fundi anayekataa kufanya kazi bila kumiliki akaunti amekwisha kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Pesa kwa hatua, maneno kwa maandishi

Njia yenye hatari ndogo ni kugawa kazi. Kwanza fundi analipwa kiasi kidogo kwa uchunguzi tu: aandike kurasa chache zinazosema kasoro ni zipi, ipi irekebishwe kwanza, kwa nini, na itachukua muda gani. Andiko hilo ni mali ya mwenye tovuti hata wakiachana hapo. Likieleweka, wanaendelea mwezi kwa mwezi. Likiwa limejaa maneno magumu yasiyoelezwa, hasara imekuwa ndogo.

Kwenye majukwaa ya kimataifa pesa inaweza kushikwa na jukwaa hadi kazi ikabidhiwe. Pesa iliyotumwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money inamfikia fundi palepale, na kuirudisha kunategemea moyo wake. Ndiyo maana makubaliano yaandikwe: kazi zipi, tarehe zipi, bei gani, nani anamiliki nini, na nini kinafuata mmoja akitaka kuacha. Tangu mwezi wa 3 mwaka 2023 Congo ina sheria ya mambo ya dijitali, Code du numérique, yenye sehemu kuhusu maandishi ya kielektroniki. Lakini hata ukurasa mmoja wa karatasi wenye sahihi mbili ni bora kuliko sauti za WhatsApp.

Muda nao uandikwe. Mwaka 2017, Maile Ohye, aliyekuwa akifanya kazi Google, alieleza katika video kwamba mara nyingi fundi huhitaji kati ya miezi minne na mwaka mmoja ili mabadiliko yafanyike na faida ianze kuonekana. Mwenye biashara asiye na subira hiyo anaweza kununua tangazo, mradi ajue kwamba ni tangazo.

Mwisho wa kila mwezi, ripoti isitaje nafasi kwenye Google tu. Kinachohesabika kwa nyumba ya wageni ni simu zilizopigwa na vitanda vilivyolalwa. Dada wa mapokezi anaweza kulipima hilo kuliko programu yoyote, kwa kumwuliza kila mgeni alikojulia nyumba hiyo na kuandika jibu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Miezi sita ikipita na daftari halina mgeni hata mmoja aliyetoka Google, mwenye nyumba ana cha kumwonyesha fundi wake, na kwa kuwa funguo ziko mkononi mwake, anaweza kumshukuru na kumtafuta mwingine.